Kwenye Simu Mnang'aa, Kwenye Fremu Mmefifia! Siri ya Picha Inayotoka na Rangi Yake

Harusi imepita, michango imekwisha, kamati imevunjwa, na wewe na mwenzio mmebaki na kitu kimoja cha kuonyesha watu: picha. Usiku mnazipitia kwenye simu, mnacheka, mnasifiana. Shela nyeupe pe, suti imekaa mwilini, mama mzazi yuko pembeni na kitenge chake cha rangi ya chungwa kinachowaka. Mnachagua ishirini, mnamtumia kijana wa duka la picha, na jioni mnarudi kuchukua bahasha. Mnafungua. Lahaula! Nyuso zimeingia giza, shela imekuwa na ubuluu, kitenge kimepooza, na shangazi aliyesimama mwisho wa mstari amebaki nusu uso.

Hapo ndipo anapotafutwa mchawi. Bwana anasema mpiga picha alikuwa mbabaishaji. Bibi anasema duka linachanganya wino na maji. Ukweli ni kwamba picha hupita kwenye mikono na mashine nyingi kabla ya kufika ukutani, na kila mmoja anakisia rangi yenu ilikuwaje siku ile. Mpiga picha anakisia, kamera inakisia, programu inakisia, mashine ya kusafisha picha inakisia. Wanaojua kwa hakika ni ninyi wawili tu, na kwa kawaida ninyi ndio mnaokaa kimya!

Na hili si jambo dogo. Yule mzee aliyewapa mkono wa baraka siku ile, huenda picha hiyo ndiyo nzuri ya mwisho mtakayokuwa nayo ya kwake. Simu inaibwa, memori kadi inaharibika, nywila inasahaulika. Karatasi iliyosafishwa vizuri haina haja ya chaji. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za zamani za nyeusi na nyeupe watu wanazitazama na kuzinunua mpaka leo. Zimewazidi umri wengi waliopigwa. Basi hebu tuone namna ya kufanya picha zenu nazo zitoke kama mlivyokuwa, na zidumu.

KIOO KINA TAA, KARATASI HAINA

Malalamiko namba moja kwenye maduka ya picha ni haya: "Mbona imetoka giza?" Jibu lake ni rahisi. Kioo cha simu kina taa yake nyuma. Kinawaka chenyewe. Karatasi haiwaki, inarudisha tu mwanga wa chumba ilimo. Ukiwa umeweka mwangaza wa simu hadi mwisho, picha ambayo kwa kweli ni ya giza itakuonyesha sura inayong'aa, nawe utaipitisha. Ikifika kwenye karatasi, uongo unaumbuka.

Fanya hivi kabla ya kuchagua picha. Shusha mwangaza wa simu au kompyuta hadi kama nusu. Zima ile huduma inayofanya kioo kiwe cha manjano usiku, maana inakudanganya rangi. Kisha tazama picha ukiwa ndani, mbali na jua la moja kwa moja. Je, nywele za bibi harusi bado zinaonekana zimetengana na ukuta wa nyuma? Je, kola ya suti nyeusi inaonekana, au suti yote imekuwa shimo moja jeusi? Kama huoni hapo, kwenye karatasi ndiyo hutaona kabisa, kwa sababu karatasi haina uwezo wa kioo wa kutenganisha giza na giza zaidi. Picha hiyo inataka kuongezewa mwanga kidogo kwenye sehemu za kivuli kabla haijasafishwa.

MASHINE HAIIJUI RANGI YENU

Mashine nyingi za kusafisha picha zina kitu cha kujirekebisha zenyewe. Kinatazama picha nzima, kinapiga hesabu ya wastani, kisha kinaivuta picha kuelekea kijivu cha katikati. Kwa picha ya bustani mchana, mambo safi. Kwa picha ya harusi zetu, balaa.

Chukua picha ya bwana harusi mweusi, suti nyeusi, amesimama mbele ya pazia la rangi ya damu ya mzee. Mashine inaona giza tupu, inadhani picha ina kasoro, inaongeza mwanga. Matokeo yake ngozi inapauka na kuwa kama ya mtu aliyepakwa majivu. Sasa chukua bibi harusi mwenye shela pana nyeupe mbele ya ukuta mweupe wa kanisa. Mashine inaona weupe mwingi, inapunguza. Shela inakuwa ya kijivu na uso unazama gizani. Watu wawili wale wale, siku moja, na kwenye albamu wanaonekana kama wametoka kwenye harusi mbili tofauti!

Usidhani tatizo hili limeanza juzi. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiwapelekea wasafisha picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa kizungu, ili wapimie rangi zao. Kadi hiyo ikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha hizo mwanzoni. Ngozi yake ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Ngozi nyingine zikitoka vipi, shauri yao. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeichunguza habari hii na kuiandika mwaka 2009, alieleza kuwa msukumo wa kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani zilivyo. Fikiria, chokoleti na kabati! Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, miaka ya 1990.

Leo filamu imewaachia nafasi kamera za dijitali na mambo yamekuwa nafuu sana, lakini mashine bado haijui kama wewe ni maji ya kunde au mweusi wa kung'aa. Kwa hiyo mwambie mhudumu kwa lugha ya kawaida kabisa: "Kaka, naomba usiweke ile ya kujirekebisha. Nitazame mimi, tazama picha, halafu rekebisha kwa macho." Mhudumu mzuri atafurahi kupata mteja anayejua anachotaka.

"NING'ARISHE KIDOGO"

Hapa tuongee ukweli. Kuna picha zinazoharibika rangi kwa bahati mbaya, na kuna zinazoharibiwa kwa makusudi, tena kwa nia njema. Baadhi ya studio zina mazoea ya kumng'arisha bibi harusi bila kuulizwa. Chunusi zinaondoka, sawa. Lakini na ngozi nayo inapanda madaraja matatu, na anayekaa kwenye picha si yeye tena. Dada yake wa tumbo moja, aliyekaa kando, anabaki na rangi yake. Ukutani wanaonekana hawana uhusiano.

Ubaya wake ni kwamba mlio ndani ya ndoa hamuoni jambo hili kwa jicho moja. Mwingine anaona amependezeshwa. Mwingine anajiuliza kimoyomoyo: kumbe ningekuwa hivi ndiyo ningekuwa mzuri? Mzungumze kabla, kabla fundi hajagusa kitu. Kuondoa chunusi iliyotokea wiki ya harusi ni jambo moja, maana wiki ijayo haipo. Kubadilisha rangi aliyozaliwa nayo mtu ni jambo jingine kabisa. Mpeni mpiga picha maelekezo ya wazi, ikibidi yaandikwe kwenye makubaliano yenu: madoa ya muda yaondolewe, rangi ya ngozi ibaki.

Na kuna kipimo rahisi cha kujua kama rangi imehama. Tafuteni kwenye picha kitu ambacho mnajua ni cheupe: shela, shati la bwana, kitambaa cha meza. Kikiwa na ubuluu, uwaridi au umanjano, basi na ngozi zenu zimehama pamoja nacho. Tahadhari moja tu: zile taa za rangi za ukumbini. Mapambo yakimwaga zambarau na buluu usoni mwa watu, hakuna fundi atakayeirudisha ngozi kikamilifu, kwa sababu rangi yake haikufika kwenye kamera tangu mwanzo. Isitoshe buluu na zambarau kali za taa hizo wino na karatasi haziwezi kuzitoa zilivyo, zitapooza tu. Ambao bado hamjafunga ndoa, mwambieni mpambaji taa za rangi zimulike kuta na dari, na meza yenu kuu ipate taa nyeupe. Mtanishukuru.

PICHA YA WHATSAPP SI YA UKUTANI

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande wake mrefu hubaki takriban pikseli 1600. Ni safi kwa kutazama kwenye simu. Kwenye karatasi, hesabu ni hii: kwa picha ya kushika mkononi tunataka kama nukta 300 kwa kila inchi, na kwa picha kubwa ya ukutani inayotazamwa kwa mbali, nukta 150 zinatosha. Kwa hiyo:

Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800.
Picha ya inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000.
Picha ya ukutani ya inchi 20 kwa 30 inataka angalau pikseli 3000 kwa 4500.

Utaona kuwa ile ya WhatsApp inajikongoja kwenye picha ndogo ya albamu, lakini ukiipeleka kwenye inchi 16 kwa 20 inabaki na nukta 80 tu kwa inchi. Ndiyo maana kope zinageuka ukungu. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 linasaidia, ila nalo hupunguza kiasi. Dawa ni kutuma picha kama faili la hati, ambapo haiguswi, au kuipeleka kwa flashi ukiwa umeishika mkononi. Na kupiga picha ya kioo cha simu nyingine, tafadhali, hiyo si njia!

Mdai mpiga picha wako faili halisi, si zile alizokutumia uweke kwenye hali yako. Omba pia ziwe katika mfumo wa rangi wa sRGB, ambao ndio maduka mengi ya picha yanaufuata. Kamera zinaweza kuwekwa kwenye mfumo mwingine, Adobe RGB, wenye rangi pana zaidi. Ni mzuri kwa fundi anayeuelewa, lakini mashine isiyoutambua ikiusoma kama sRGB, rangi zinatoka zimechuja. Hapo ndipo kitenge cha mama kilipopoozea!

NANI KAMKATA SHANGAZI?

Hajakatwa kwa chuki. Amekatwa na hesabu. Kamera nyingi za kitaalamu hupiga picha zenye umbo la 3 kwa 2. Umbo hilo linaingia vizuri kwenye inchi 4 kwa 6, pia kwenye 8 kwa 12 na 20 kwa 30. Lakini ukiagiza inchi 8 kwa 10, lazima inchi mbili za urefu ziondoke. Mashine inaondoa moja kushoto na moja kulia, na kwenye picha ya ukoo mzima, pembeni ndiko waliko mashangazi.

Simu nazo kwa kawaida hupiga kwa umbo la 4 kwa 3. Ukiisafisha kwa 4 kwa 6, nusu inchi ya juu na chini inaondoka, na hapo wanaopoteza ni wenye vilemba virefu. Njia mbili za kukwepa: chagua saizi inayolingana na umbo la picha, au mwambie mhudumu aache ukanda mweupe pembeni badala ya kukata. Na ukiwa unapiga mwenyewe, acha nafasi pande zote. Watu wakijaza picha hadi ukingoni, mkasi lazima umguse mtu.

KARATASI GANI UCHUKUE?

Karatasi ya kung'aa hutoa nyeusi nzito na rangi zinazowaka, ila inashika alama za vidole na inarudisha mwanga wa dirisha. Isiyong'aa haina makelele hayo, lakini nyeusi yake ni hafifu kidogo, hivyo suti na nywele hupoteza kina. Katikati yake kuna ile yenye mng'ao wa wastani na vinyweleo vidogo ukiigusa, ambayo wapiga picha wengi wa harusi huipenda kwa albamu. Kwa picha kubwa inayotazamana na dirisha la sebuleni, usichukue ya kung'aa. Utakuwa unajitazama mwenyewe kwenye kioo.

Uliza pia picha inatokaje. Mashine kubwa za maabara hutumia mwanga na dawa juu ya karatasi maalumu ya picha. Printa hutumia wino, nao uko wa aina mbili: wino wa kuyeyuka na wino wa chembechembe. Wa chembechembe kwa kawaida huvumilia mwanga na unyevu zaidi. Kwa fremu ya kukaa miaka, ndio wa kuulizia. Na ukiwa na printa yako nyumbani, chagua aina ya karatasi kwenye mpangilio wa kompyuta. Ukiweka karatasi ya picha huku printa ikidhani ni karatasi ya barua, itamwaga wino kwa kipimo kisicho chake, na rangi zitapotea njia. Iache ikauke hadi kesho yake kabla ya kuihukumu au kuiweka nyuma ya kioo.

NA MCHORO JE?

Wapenzi wengi siku hizi hupenda kuchanganya picha zao na michoro ukutani. Tuseme mna mchoro wa Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, nanyi mnataka nakala ya kumpa dada aliyeko mbali. Michoro hii huchorwa kwa rangi za kung'aa, na ukiipiga kwa flashi utapata doa jeupe katikati ya twiga. Upeleke kwenye kivuli cha wazi, barazani mchana, usimamishe wima, na simu au kamera iwe sambamba nao kabisa ili pembe zisipinde. Weka karatasi nyeupe kando yake. Hiyo ndiyo itakayomwonyesha fundi weupe halisi uko wapi.

Mkichagua kusafisha juu ya kitambaa cha turubai, kumbukeni kitambaa kinakunjwa kuzunguka fremu ya mbao. Ongezeni sentimita kadhaa za pembeni, la sivyo sahihi ya msanii itahamia ubavuni. Na msisahau: kununua mchoro si kununua haki ya kuunakili. Muombeni mchoraji ruhusa kwanza, ndio uungwana, na ndiyo sheria ya hakimiliki.

JUA LA DIRISHANI, UNYEVU WA PWANI

Mmetoa picha safi, sasa msiiue wenyewe. Adui wa kwanza ni jua. Ukuta unaopigwa na jua la mchana utaifanya picha ipauke, hata ingekuwa imesafishwa na fundi gani. Wa pili, kwa wenzetu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ni unyevu. Picha ikigusana na kioo cha fremu hunata, na siku mkitaka kuihamisha inabanduka ngozi. Mwambie fundi wa fremu aweke kadibodi ya pembeni ili kioo kisiguse picha. Zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi nazo huacha umanjano. Kama picha ya harusi ya wazazi wenu bado imo humo, itoeni taratibu. Ikigoma msiivute, ipigeni au muiskani ikiwa humo humo.

KABLA HUJALIPIA, FANYA HAYA

1. Peleka faili halisi, kwa flashi au kama hati.
2. Sema wazi kuwa hutaki marekebisho ya mashine yenyewe.
3. Chagua picha moja yenye nyuso zenu zote mbili, shela na suti. Isafishe hiyo peke yake kwanza, saizi ndogo, iwe ya majaribio.
4. Toka nayo mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana. Taa za dukani zinaweza kuipa rangi isiyokuwa yake.
5. Weka mkono wako kando ya uso wako pichani. Pana ujamaa?
6. Ikiwa si sawa, sema imekosea wapi: "imezidi wekundu", "shela ina ubuluu", "uso una giza". "Haijapendeza" haimsaidii fundi.
7. Ikikubalika, agiza zote siku hiyo hiyo, kwenye mashine hiyo hiyo na karatasi hiyo hiyo.

Nendeni wote wawili kama mnaweza. Kila mmoja anaikumbuka rangi ya mwenzake kuliko anavyoijua yake mwenyewe, na hapo mlangoni, mbele ya ile picha ndogo ya majaribio, jicho la mwenzio ndilo kipimo bora kuliko mashine yoyote. Akisema, "Hapana, mke wangu si hivi," mwambie fundi aanze upya.